Siku Moja Kabla ya Meli

Mwanangu Zena,

Barua hii naiandika leo Alhamisi kwa sababu kesho unaondoka nyumbani. Najua wewe unadhani unaondoka keshokutwa. Tulia, usome mpaka mwisho, ndipo useme baba amezeeka.

Karatasi nimezichana kwenye daftari lako la vipimo, kule nyuma ambako hujaandika viuno vya watu. Nisamehe. Nimekaa hapa barazani tangu nilipotoka kuswali adhuhuri, ila mara moja niliondoka kidogo, na wewe uko sokoni unawagawia wateja nguo zao za mwisho. Mwandiko usiucheke. Herufi nilianza kuzijua kwenye ubavu wa mabehewa, nikamalizia kwenye kisomo cha watu wazima pale Kilosa, na mwalimu alisema kichwa kama changu hajawahi kukutana nacho. Hakusema kwa uzuri au kwa ubaya, lakini mimi nilielewa.

Mambo ya nyumba sikuandikii. Kupika unajua. Kushona, hapa Mikumi yote hayupo wa kukugusa. Ya mke na mume wakubwa wako wa kike wamekwambia, na yaliyobaki utafundishwa na mume mwenyewe. Mimi nataka nikwambie habari ya safari, maana kwa safari hakuna wa kunifundisha. Miaka thelathini na moja nimekula kwenye genge la reli, la watu wanaotengeneza njia. Stesheni masta aliyesoma, mwenye kofia na kalamu mbili mfukoni, alikuwa akitaka kujua kama treni itafika anamtuma mtu kwangu: "Kamuulize Athumani." Mimi natoka nje, naweka mguu juu ya chuma, nanusa upepo, nasema itafika au haifiki. Sikukosea ila mara moja, na hiyo mara moja ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu.

Ratiba ya mumeo nimeiona. Shabani aliniletea simu yake juzi akanionyesha kila kitu, mstari kwa mstari, kama fundi anayeonyesha injini aliyoifungua. Nilimsifu kwa mdomo, na moyoni pia nilimsifu. Kazi yake mpya iko Mtwara, watu wote wanakwenda Mtwara kwa basi, yeye amekaa akatafuta mpaka akaipata hiyo meli ya matembezi: siku nne majini, Unguja, Pemba, halafu Mtwara. Kuhama kwenu amekugeuza kuwa fungate. Amechukua nafasi ya masika kwa kuwa masika bei iko chini. Amechukua chumba cha chini kisicho na dirisha. Mayai ya kuchemsha na mkate mnabeba kutoka hapa, msinunue njiani. Basi ni lile la rafiki yake linalotoka Iringa, nalo linawachukua kwa nusu ya nauli. Linapita hapa Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, saa tano mko Dar, saa sita geti la meli linafungwa. Hakuna senti iliyopotea humo.

Mimi nilipooa, fungate ilikuwa siku saba ndani ya chumba, chakula kinawekwa mlangoni. Niliposikia nyinyi ya kwenu mnaipeleka baharini nilinung'unika siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kuwa ni wivu tu, nikanyamaza.

Sasa nisikilize. Juzi jioni nilikuwa nyuma ya nyumba naosha miguu, nanyi mko chumbani. Sikutega sikio, ukuta wa nyumba hii ndio unaosema. Nikakusikia: "Shabani, kwa nini tusiondoke Ijumaa? Meli haitungoji."

Akasema, "Ijumaa tutalala wapi? Gesti ya Dar inakula hela ya Mtwara."

Ukanyamaza kidogo, ukasema, "Basi."

Zena, niliposikia hilo "basi" lako niliacha kuosha. Maji yakabaki kwenye kopo. Nilikwisha kulisikia, kwa sauti hiyohiyo, katika nyumba ya reli pale Kilosa, kabla wewe hujazaliwa. Alilisema mama yako.

Hadithi ya safari yetu ya bahari mnaijua, nimewasimulia tangu mko wadogo. Kwamba nilipata pasi ya likizo, mimi na mke wangu tupande treni bure mpaka Dar, tupande chombo twende Unguja siku tano, tukatembee kama mabwana. Kwamba mto ukajaa, reli ikakatika, ikabidi Athumani aitwe kwenye likizo yake akaiunge, akaiunga kwa siku tatu, na wakubwa wakampa mkono. Kwamba reli ndiyo iliyomnyima mama yenu bahari. Hivyo ndivyo ninavyosimulia, na kila mwaka siku zile tatu zinazidi kuwa ngumu na mimi nazidi kuwa hodari.

Leo nakupa ile niliyoiruka.

Treni zilikuwa mbili. Moja ilipita siku moja kabla ya ile tuliyoipanga, na pasi yetu ilikuwa inafaa kwa zote mbili. Mama yako alirudi kutoka mtoni asubuhi, amebeba nguo alizofua, akasema, "Baba Hamisi, mto unaleta migomba."

Wewe hukukulia Kilosa, kwa hiyo nikueleze. Mkondoa ukileta povu, hiyo ni mvua ya karibu, usijali. Ukileta migomba mizima na mizizi yake, ujue huko juu milimani, upande wa Lumuma, maji yameingia mashambani mwa watu, na baada ya siku moja yatafika kwenye reli. Kila mtu wa genge anajua hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha wageni. Na mama yako alijifunza kwangu.

Akasema, "Twende leo. Tukalale kwa kaka, kesho tunakwenda bandarini taratibu."

Nikasema, "Kwa kaka yako silali."

"Basi gesti."

"Nilipe gesti nina akili? Treni ya kesho inapita hapa asubuhi, chombo kinaondoka jioni. Na pande la reli la Athumani halikatiki."

Akaziangalia zile nguo mbichi mikononi mwake. Akasema, "Basi." Akaenda kuzianika.

Treni ya siku ile ikapita. Niliipungia mkono mwenyewe. Ilikuwa na viti vitupu mpaka nikaona aibu kidogo, lakini aibu ya mtu mkaidi haidumu.

Kesho yake tukaenda stesheni. Mama yako amevaa viatu vyeupe, amebeba kikapu cha kuku wa kukaanga na maandazi ya siku mbili. Nami nimevaa koti. Tukangoja. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Mara nikaona kiberenge, kile kigari cha genge, kinakuja kutoka upande wa mlimani, na juu yake yuko mwenzangu wa genge, mtani wangu wa Kinyamwezi, amelowa mpaka kofia. Akanifokea toka mbali mbele ya abiria wote: "Athumani! Lile pande lako lisilokatika limekwenda kuoga!"

Watu wakacheka. Nikavua koti nikampa mama yako alishike, nikapanda kiberenge. Ndipo nikakumbuka kwamba watu wa genge hawajala, nikashuka, nikachukua kikapu. Sikumuuliza. Kuku wa safari yake waliliwa kwenye tuta la reli na wanaume kumi na wawili wenye mikono ya matope, na mtani wangu aliponyonya mfupa wa mwisho akasema, "Mwambie shemeji, Unguja tumefika na ni patamu."

Nilipogeuka nyuma, kiberenge kinaondoka, mama yako alikuwa amekaa juu ya sanduku, koti langu mapajani, viatu vyake ameviweka sawasawa kama vya mtu anayepigwa picha. Anaangalia upande ambao treni ingetokea. Hakuniita.

Sasa hiyo "kwa kaka yako silali" ilitoka wapi? Hapa ndipo penye aibu yenyewe, na nitaiandika haraka kabla sijabadili mawazo.

Mjomba wako Salehe, wa Temeke, ni kaka mkubwa wa mama yako, na kaka mkubwa wa mke wako unamwamkia hata kama umemzidi mvi. Hiyo ndiyo adabu. Lakini mimi nilimtangulia jando. Yeye aliletwa porini analia, mimi nimekwisha pona natembea. Basi siku ya ndoa, walipomleta mbele yangu nimwamkie, nikampa mkono mtupu. Nikasema mbele ya wazee, "Huyu nilimwona akilia. Shikamoo yangu haiendi kwa mtu niliyemwona akilia."

Salehe hakukasirika kwa kelele. Alisema tu, "Bwana Athumani, umemwoa mdogo wangu au umelioa jando lako?"

Baraza zima likavunjika mbavu. Na mimi nikaapa. Ndiyo hiyo tu, mwanangu. Hakuna shamba tuliligombania, hakuna damu. Ni neno moja dogo ambalo watoto wa darasa la kwanza wanalitoa bure njia nzima kwenda shule. Miaka yote hiyo akija huku anafikia Magole kwa mama yako mkubwa, na mama yako anamfuata huko kumwona. Wewe umekua ukijua jina hilo halitajwi mbele yangu. Ndiyo maana juzi Shabani alipouliza mtalala wapi hukumtaja mjomba wako mwenye nyumba Temeke, karibu na bandari. Ulimeza jina kwa ajili yangu. Nililisikia likimezwa.

Baada ya likizo ile kuharibika nilimwambia mama yako, mwakani tutakwenda tena. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Nitakwenda siku utakayomwamkia kaka yangu." Nikadhani ni maneno ya hasira, yatapoa. Hayakupoa, kwa sababu hayakuwa ya hasira. Pasi nilipewa kila mwaka mpaka nilipostaafu. Nilikwenda Dodoma, nilikwenda Tabora, nilifika mpaka Kigoma kuangalia tu, nikirudi najigamba. Yeye alinifungia chakula, akanisindikiza mpaka mlangoni. Amezikwa hajaiona bahari, Zena. Kutoka Kilosa mpaka baharini ni safari ya siku moja.

Siku ya mazishi Salehe alikuja. Tulipeana mkono kama watu wanaokabidhiana shoka.

Ninayojua kuhusu safari za watu wenye hela kidogo ni haya, na sikuyasoma popote. Chombo kinachotoka mbali hakina saa, kina habari tu. Basi likianzia mlangoni kwako, unaweza kuligombeza. Linalotoka Iringa limekwisha pita mengi usiyoyaona kabla halijafika kwako. Mwenye hela nyingi akichelewa analipa mara ya pili. Sisi tukichelewa tunarudi nyumbani na kikapu, na wengine hata kikapu hatuna. Kwa hiyo maskini akipanga safari asibane siku. Abane chumba, abane chakula, abebe mayai yake, lakini siku aiache ipumue. Na mahali pa kulala pa bure papo siku zote, ila mara nyingi mwenye mlango ni mtu uliyemkosea.

Usimpige Shabani kwa maneno haya. Ni kijana mzuri kuliko nilivyokuwa mimi, na nikisema hivyo ujue nimempa cheo kikubwa. Anataka akupeleke kwa mkono wake mwenyewe bila kumwomba mtu. Hilo si kosa, ni ujana wa mume. Nami nilikuwa nao, tatizo ni kwamba ulizeeka pamoja na mimi. Barua ukitaka umwonyeshe, usipotaka uifunike. Lakini siku nyingine, ukiona migomba mtoni, usiseme "basi" haraka. Sema mara ya pili. Mama yako alisema mara moja, akaniachia. Nimewaza sana kama angesema mara ya pili. Pengine ningekataa. Hata hivyo, mtu kama mimi anahitaji kuambiwa mara nyingi.

Na migomba ipo. Tangu asubuhi nahesabu malori hapa barabarani. Siku ya kawaida yanakuja moja moja, kama watu wanaotoka msikitini. Leo yanakuja kwa mafungu: ishirini yamefuatana, yana tope jekundu mpaka kwenye milango, halafu barabara inakaa kimya saa nzima, halafu fungu jingine. Huko juu, mlimani Kitonga kwenye njia ya Iringa au mbele yake, njia inazibwa na kuachiwa. Nilimsimamisha dereva mmoja aliyeshuka kununua ndizi, akasema, "Mzee, tumelala pale tangu jana." Na mvua bado haijamaliza maneno yake.

Basi saa nane mchana nikafanya jambo. Nilimpigia mama yako mkubwa kule Magole nikamwomba namba. Akaniuliza mara tatu namba ya nani. Halafu nikapiga.

"Halo. Nani mwenzangu?"

"Athumani."

"Athumani yupi?"

"Wa Mikumi. Wa reli."

Akasema, "Amekufa nani?"

"Hajafa mtu."

"Sasa unanipigia kwa nini kama hajafa mtu?"

Nilikuwa nimesimama, nikakaa. Nikasema, "Shikamoo, shemeji."

Nikadhani salio limekwisha. Nilikuwa nasikia kuku wake tu wakilia uani. Kisha akasema, "Sikio hili halisikii vizuri siku hizi. Ngoja nihamishie jingine." Nikasikia simu inahama. "Haya, rudia."

"Salehe, umesikia."

"Nimesikia. Nataka na hili lisikie, lisije likalalamika."

"Shikamoo."

"Marahaba," akasema. "Marahaba, Athumani. Meno yote yametoka nikiisubiri hiyo." Akacheka, halafu hakucheka. Akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mdogo wangu Mwajuma angekuwepo." Nami nikasema ndiyo. Salio likaendelea kwenda, hakuna aliyejali.

Kisha nikamwambia haja yangu. Kwamba Zena na mumewe wanapita kwenda kupanda meli, nataka mkeka wa usiku mmoja.

"Mkeka? Mtoto wa Mwajuma alale kwenye mkeka kwangu? Nina kitanda. Wanakuja lini?"

"Kesho, wakikubali."

"Wakikubali? Tangu lini wewe Athumani unasema wakikubali?"

Hakujua, lakini swali hilo lilinikuta na hatia mkononi. Kwa sababu, mwanangu, nilikuwa nimetoka dukani kwa wakala wa basi. Nilikwenda hata kabla ya kupiga simu. Nilikuwa nimebeba risiti yenu, ile mliyoibana kwenye kioo, nikataka nizihamishe tiketi ziwe za Ijumaa, nije niwaambie limekwisha. Basi ni lilelile, nauli ni ileile, na likichelewa nusu siku mtafika kwa mjomba usiku badala ya mchana, meli bado ipo. Nilikuwa na haki. Nimefika dirishani, yule binti wa tiketi ananiuliza, "Shikamoo babu, wenyewe wanajua?"

Nikaitika marahaba. Lile swali jingine sikulijibu. Nikaiona mikono yangu, imeshika risiti kama ilivyoshika kile kikapu. Nikarudi.

Kwa hiyo tiketi ziko vilevile, za Jumamosi. Binti anasema anaweza kuzihamisha mpaka saa kumi na mbili jioni, kisha anafunga. Risiti nimeirudisha kwenye kioo. Barua naiweka juu ya cherehani yako, utaiona ukirudi. Mkisema Jumamosi, nitaamka alfajiri niwasindikize, nitabeba begi zito, na nakuapia sitafungua mdomo kuhusu barabara, ingawa itaniuma. Mkisema Ijumaa, basi kitanda kipo Temeke, na ukifika umwamkie mjomba wako kabla hujavua viatu, maana sasa hivi amenogewa.

Mimi najua jibu lililo sahihi. Ningekuwa Athumani wa zamani ungelikuta limekwisha kufanywa. Lakini mama yako sikumuuliza, sio kwa treni, sio kwa kuku, na yeye akakaa juu ya sanduku akiangalia njia.

Wewe nakuuliza. Kesho, au keshokutwa?

Nipo hapa barazani.

Baba yako,
Athumani